Mwaka Nilipovunja Mstari wa Afande

Tulimzika Afande Rajabu huko Abuku, kwenye kiwanja kilichopakana na shamba la muhogo la kaka yake, na baada ya dua yule kaka alisimama kuwashukuru waliofika. Alisema mengi mazuri na mengi yalikuwa kweli. Kisha akasema marehemu aliwafundisha vijana wengi kusuka mota, na kwamba wote walijifunza kwake jambo kubwa kuliko ufundi, nalo ni kutii. Wote, akaongeza, isipokuwa mmoja, na Mungu amsamehe. Hakunitaja. Hakuwa na haja, maana mafundi wote wa Koboko waligeuza shingo kuelekea upande wa wanawake, chini ya turubai, nilikokuwa nimekaa na sahani ya wali magotini. Niliendelea kumtazama mzungumzaji usoni mpaka akahamia kwenye habari za magari ya kuwarudisha wageni. Tangu mwaka ule watu wanangoja niseme kwamba nilikosa. Sikukosa. Na kwa kuwa mtu pekee aliyeweza kubishana nami vizuri juu ya jambo hili sasa yuko chini ya udongo, nitaliandika mwenyewe, lote, pamoja na pale ambapo yeye alikuwa na haki.

Nilifika Koboko nikiwa na miaka ishirini na kitu, kabla nguzo za umeme hazijafika huko, wakati mota za mji zilikula umeme wa majenereta, nikitokea Arua juu ya lori la magunia. Habari za kwetu Awindiri, na kwa nini niliacha shule mapema, naziacha, hazisaidii hapa. Yatosha kusema kwamba nilikuwa nimeuza betri za tochi sokoni Arua, nimevuka mpaka hadi Ariwara kukaa na watengenezaji wa redio, nimeosha masufuria kwenye hoteli ya madereva, na kwa miezi kadhaa nimelinda jenereta la jamaa mmoja aliyepiga muziki kwenye harusi. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kitu cha pale kinafanyaje kazi, kisha miguu ikaanza kuwasha. Watu waliniita mzururaji kama vile wanataja ugonjwa. Mimi niliona kwamba wale waliokaa mahali pamoja maisha yao yote walikuwa na majibu mengi kwa maswali ambayo hawajawahi kuyauliza.

Karakana ya Afande ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, kilichoegemea ukuta wa mashine ya kusaga. Mashine ilipowashwa, ukuta wetu ulitetemeka na unga mwembamba wa muhogo ulianguka kutoka kwenye mianya ya bati, ukatua juu ya meza, juu ya nywele, ndani ya chai. Chumba kilinuka vanishi na moshi. Afande hakuwa amewahi kupigana vita yoyote. Aliitwa Afande kwa sababu baba yake alikuwa askari, na yeye mwenyewe alilelewa kambini, akafundishwa ufundi kwenye banda la majenereta la kambi. Kambi ilimwachia mstari. Bisibisi zake zilining'inia ukutani kuanzia ndefu hadi fupi. Koili alizisuka kisha akafunga jicho moja na kuzitazama kwa ubavu, kama mtu anayekagua gwaride, na waya mmoja ukitoka nje kwa unene wa ukucha alifumua zote. Siku niliyoingia kuomba kazi alinitazama kuanzia ndara hadi kitambaa cha kichwa.

"Wewe unatoka wapi?"

"Arua."

"Unajua kusuka?"

"Najua kufungua."

"Kufungua hata panya anajua," alisema. Lakini akanitupia mota ya pampu iliyoungua nikaifungue, na tangu siku ile jina langu likawa Arua. "We Arua, leta koleo." "We Arua, hii nani aliweka hapa?" Jina langu la Candiru sidhani kama aliwahi kulitamka.

Mlango wa karakana ulizuiwa usijifunge kwa chuma kizito cha duara, moyo wa mota ya zamani ya mashine ya kusaga, ile sehemu inayozunguka ndani. Ubavuni mwake kulikuwa na mistari ya alumini, na mistari hiyo haikusimama wima. Ililala upande kidogo, yote kwa pamoja, kama mvua yenye upepo. Nilikaa juu ya chuma kile kila mchana nikila enyasa yangu, ule ugali wa muhogo na mtama, pamoja na dagaa wakavu wa ziwani ambao kwetu tunawaita angara, na kila mchana vidole vyangu viliifuata ile mistari iliyolala.

"Afande, kwa nini mistari ya hii chuma imelala?"

"Kiwanda ilikuwa na haraka."

"Na ile ya mota ya pampu? Na ile kubwa ya misheni? Zote zimelala."

"Viwanda yote iko na haraka. Maliza kula."

Mama Kiden alikuja mwanzoni mwa mvua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfanyabiashara, aliyepoteza nguvu za miguu tangu utotoni. Alisafiri kati ya Koboko na mpakani Oraba kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, akiizungusha kwa mikono, sabuni na vitenge vimefungwa nyuma ya kiti. Mabega yake yalikuwa mapana kuliko ya mpiga tofali. Hakushuka. Alisimamisha gurudumu la mbele juu ya kizingiti chetu, akaanza kusema.

"Afande, mabega yangu inakwisha. Daktari nasema nikiendelea hivi, mikono itafuata miguu. Sasa nifungie mota."

"Ya kukupeleka Oraba?"

"Ya kunipeleka na kunirudisha. Na siku betri inakufa, nizungushe na mkono nifike nyumbani. Sikia vizuri hapo. Sitaki mutu anisukume."

"Nani atakusukuma kama wewe hapana taka?"

"Afande," alisema bila hasira, "wewe hujawahi kukaa hapa chini."

Ndivyo alivyoagiza, na mimi nilisikia kila neno: umeme kwa ajili ya mabega, mkono kwa ajili ya siku mbaya. Tulitengeneza mota ya kukaa ndani ya gurudumu la mbele lenyewe. Katikati, kwenye ekseli, tulifunga duara la chuma lenye meno kumi na nane, kila jino likiwa limezungushiwa waya wa shaba. Nje yake, kwenye mdomo wa ndani wa ngoma ya gurudumu, tulibandika sumaku zinazozunguka. Sumaku zilitoka kwenye pikipiki za boda zilizokufa, katika vile vikombe vya chuma ambavyo mafundi wa pikipiki huviita magneti. Tulizikata zikawa vipande vidogo. Kisanduku cha kuongoza umeme tulikitoa kwenye baiskeli ya umeme iliyoletwa Arua na mtu fulani, mota yake ikaungua. Afande alichagua safu kumi na mbili za sumaku, kila safu ya vipande vitatu, kimoja nyuma ya kingine kutoka ukingo hadi ukingo. Alizipanga kwa rula na uzi. Vipande vitatu vya kila safu vilisimama kama askari watatu, kila mmoja nyuma ya mwenzake, na gurudumu lilipowekwa mahali pake, safu sita zilitazamana na meno sita uso kwa uso, kwa wakati mmoja, bila kosa. Kusema kweli ilipendeza. Aliwaita watu waje kuona kabla hatujaifunika.

Mimi nililizungusha gurudumu kwa mkono na sikulipenda. Gurudumu halikuzunguka, liliruka. Lilikaa mahali, ukalisukuma likakataa, ukalisukuma zaidi likaachia ghafla na kwenda kukaa mahali pengine, likang'ang'ania tena. Umeme ulipokuwa umezimwa kabisa, zile sumaku peke yake zilishika meno ya chuma. Nikamwambia Afande kwamba lina meno, linauma kiganja kila likigeuka.

"Hiyo ndiyo nguvu," alisema. "Sumaku mbovu haishiki."

Mwenye mashine ya kusaga, mtu mnene, alijaribu kulizungusha, akakunja uso, akaachia akicheka. "Hii iko na nguvu ya ng'ombe, Afande." Wakaja na wengine kujaribu, wakafanya mchezo, wa kupima nani ana mkono. Kila aliyeshindwa alimsifu fundi. Nimefikiria sana tangu wakati ule jinsi kosa linavyoweza kupigiwa makofi. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Kwetu kitu kinachoshika ni kitu kizuri: bawaba, fundo, breki ya lori mlimani. Mota iliyoshika tukaihesabu pamoja na hivyo.

Siku za kwanza Mama Kiden alipita mbele ya karakana akiwa ameweka mikono mapajani, akienda bila kelele, na watoto wakimkimbilia. Kisha mvua ikashika, mawingu yakakaa, na yule kijana aliyechaji betri kwa paneli ya jua hakuweza kuijaza vizuri. Betri ilikufa njiani wakati akitoka Oraba. Akashika mpini kuzungusha kwa mikono, kama alivyoagiza, na gurudumu likamgomea. Lilisogea kwa mishtuko, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba, mpaka mabega yakamwaka moto. Vijana wa boda walikuwa kwenye stendi yao hapo karibu. Walikuja kusaidia. Alisema hapana. Walisaidia. Gurudumu liliposhindikana kuviringika, waliinua mbele ya baiskeli juu, wakamlaza yeye chali pamoja na kiti, wakamsukuma mji mzima kwa magurudumu mawili ya nyuma kama toroli la mchanga, akitazama mawingu, sabuni zake zikidondoka nyuma yao na watu wakiziokota.

Kesho yake aliletwa juu ya boda, na baiskeli yake juu ya mkokoteni. Chumba kilikuwa na wateja. Hakusubiri watoke.

"Nilikuwa mlemavu mwenye baiskeli," alisema. "Sasa wewe umenifanya gunia."

Afande aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa heshima na maneno yalimwingia. "Nitaweka betri ya pili, mama. Haitakufa njiani tena."

"Betri ya pili pia iko na mwisho."

"Basi tatu."

"Afande, mimi nilikuambia mkono. Sikukuambia betri." Akatutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Nangoja mpaka soko ya wiki ijayo. Kama bado, natoa hii kitu yenu, narudi kwa mabega yangu mpaka yaishe. Yakiisha, basi, nitasukumwa. Lakini si sasa."

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Watu waliokuja kubishana nami baadaye walizungumza juu ya heshima, juu ya mwanafunzi na mwalimu, juu ya kina dada siku hizi. Hakuna aliyezungumza juu ya mwanamke aliyelazwa chali akapitishwa sokoni. Mimi nilikataa kuzungumza juu ya kitu kingine chochote, na bado nakataa.

Chumba nilichopanga kilikuwa nyuma, na kati ya kitanda changu na uwanja wa jirani kulikuwa na ukuta wa mabanzi na mkeka tu. Upande wa pili aliishi mama mmoja wa Kikakwa na wakamwana wake wawili, na kila asubuhi walitwanga muhogo mkavu, wote watatu kwenye kinu kimoja. Nilikuwa nimezoea ile sauti hata sikuisikia tena. Asubuhi moja, baada ya Mama Kiden kutupa muda ule, nilikuwa nimekaa na chai yangu na kipande cha gurusa, mkate ule mwembamba wa Wanubi, nikiwa na gurudumu la Mama Kiden, nililolibeba kutoka karakana jioni iliyotangulia, mbele yangu, nikalisikia likigoma chini ya kiganja changu, na papo hapo kinu nacho kikagongwa vibaya. Michi miwili ilikuwa imeshuka pamoja.

"Wewe unatwanga ama unalala?" sauti ya mama mkwe ilisema.

"Mama, si nyinyi mumenichelewesha na maneno."

"Maneno inatoka kwa mudomo. Muchi uko kwa mukono. Ukipiga pamoja na mwenzako, kinu inaruka, unga iko chini, bwana yako anakula mchanga."

"Ameshakula mabaya zaidi," alisema yule mwingine, na wote wakacheka, na michi ikarudi kwenye zamu yake: mmoja unashuka, mmoja uko hewani, mmoja unapanda. Kinu kikatulia. Watatu walikuwa wakipiga kwa nguvu ileile, lakini kinu hakikujua.

Sitasema kwamba nilielewa yote mara moja. Nilichofanya ni kuacha chai ipoe. Askari watatu wa Afande kwenye kila safu walikuwa wakishika jino pamoja na kuliachia pamoja, na safu sita zilifanya hivyo kwa mara moja, kwa sababu tulikuwa tumezipanga vizuri mno. Nilichukua chaki. Nilizungusha gurudumu polepole, likakaa, nikatia alama. Nikalisukuma, likaruka, likakaa tena, nikatia alama ya pili. Kati ya alama na alama hapakuwa na nafasi kubwa, upana wa dole gumba hivi. Nikaigawa mara tatu. Kama kipande cha kwanza cha kila safu kingebaki mahali pake, cha pili kikasogezwa mbele kwa theluthi moja, na cha tatu kwa theluthi mbili, basi wakati mmoja anashika jino, mwingine angekuwa njiani kulifikia na wa tatu angekuwa analiacha. Kila mmoja angevuta kwa zamu yake na gurudumu lisingejua. Nilipokuwa nikilibeba kurudi karakana, nilijikwaa kwenye kile chuma cha mlangoni, nikaitazama mistari yake iliyolala, na nikaanza kucheka peke yangu. Hakuna kiwanda kilichokuwa na haraka.

Nilimweleza Afande kwa chaki, kwa kidole na kwa kinu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hilo nampa.

"Itakuwa kama ngazi," alisema.

"Ndiyo. Ngazi ndogo."

"Kazi ya kupinda haitoki hapa. Siku moja mutu atafungua hiyo gurudumu, aone sumaku zangu namna hiyo. Atasema Rajabu alikuwa amelewa." Hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na neno lenyewe lilimchafua mdomo. "Na nguvu itapungua."

"Kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Sijui bado."

"Hujui bado," alirudia, na hapo alikuwa na haki, maana sumaku zisipovuta zote kwa wakati mmoja, na umeme nao hauzisukumi zote kwa wakati mmoja. Kitu fulani lazima kipotee. Mimi nilisema kinachopotea ni kidogo kuliko kinachopatikana. Yeye alisema mota haitengenezwi kwa kubahatisha. Siku mbili baadaye alipanda gari kwenda Arua kununua waya, na akiwa mguu mmoja ndani aligeuka.

"We Arua. Hiyo gurudumu usiguse."

Sikujibu. Wanaosema nilivunja ahadi wakumbuke hilo: sikuahidi. Nilimtazama mpaka gari likaondoka, nikaingia ndani, nikateleka maji.

Sumaku iliyobandikwa kwa gundi huwezi kuitoa kwa moto, maana moto huiua sumaku yenyewe. Nilitumia maji ya moto, nikamwaga, nikangoja, nikaingiza kabari ya mti chini ya kila kipande na kugonga taratibu. Vingine vilitoka kimya. Vingine viliruka na kugongana hewani, na kimoja kilinikamata kidole dhidi ya mwenzake kikaacha damu nyeusi chini ya ukucha. Kipande cha mbele cha kila safu sikukigusa. Nilikiacha kama Afande alivyokipanga, kwa rula yake na uzi wake, kwa sababu kilikuwa sahihi na kwa sababu kila ngazi inahitaji kianzio. Vya pili na vya tatu nilivisogeza kufuata chaki. Gundi ilipokauka nililirudisha gurudumu kwenye ekseli, nikafunga fimbo kwenye spoki na kuning'iniza kopo kwenye ncha yake. Kabla ya kubandua sumaku nilikuwa nimelijaza kopo lilo hilo misumari hadi juu na gurudumu halikutikisika. Sasa niliweka misumari michache tu, na fimbo ikaanza kushuka yenyewe, bila kuruka, kama mtu anayekaa kitini. Nilitia tena. Niliondoa. Nilizungusha kulia na kushoto nikiwa nimefumba macho, nikitafuta meno kwa kiganja, nikayapata kwa mbali sana, kama mapigo ya moyo wa mtu mwingine.

Afande alirudi siku ya soko, asubuhi, na mizigo ya waya begani. Nilikuwa nimeacha gurudumu wazi makusudi, halijafunikwa. Sikutaka agundue baadaye. Aliweka waya chini. Alifunga jicho moja, akaangalia sumaku kwa ubavu, na nikaona uso wake unavyotafuta mstari na kuukosa.

"Rudisha."

"Zungusha kwanza, Afande."

Aliweka mikono nyuma ya mgongo. "Sizungushi. Rudisha."

"Zungusha kwa kidole tu."

"Hii karakana iko ya nani?"

"Yako."

"Basi?"

"Gurudumu ni la Mama Kiden."

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa ameshafika mlangoni, na nyuma yake watu waliokuja kusaga. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Huyu binti ya Arua iko na kichwa." Mwingine akajibu, "Kichwa bila masikio." Afande hakupaza sauti. Alisema, karibu kwa upole, kwamba nikusanye vitu vyangu, kwamba chumba chake hakina nafasi ya mafundi wawili. Nilikusanya. Havikuwa vingi. Bado nilikuwa nafunga kamba ya mkeka Mama Kiden alipofika juu ya boda kuchukua jibu lake, akashushwa kwenye benchi, na watu wakaanza kumweleza wote pamoja. Alinyosha mkono, wakanyamaza. Akaomba gurudumu. Nililiweka mbele yake juu ya stendi, akagusa tairi kwa kidole kimoja na kulisukuma. Lilizunguka. Likaendelea kuzunguka alipoondoa kidole, mpaka likasimama lenyewe, popote lilipotaka.

"Funga," alisema.

"Mama," Afande alisema, "mlimani nguvu itapungua. Nakuambia ukweli."

"Mlimani nitasaidia na mkono. Ndiyo maana niliomba mkono."

Niseme wazi kwamba ilipungua. Baadaye, kwenye mwinuko wa njia ya kutoka Oraba, akiwa amebeba mzigo mzito, ilibidi azungushe kidogo pamoja na umeme ambapo zamani ingempandisha peke yake. Afande alikuwa ameliona hilo kabla yangu. Nasikia pia kutoka kwa waliofanya kazi kwake baada yangu kwamba mota alizotengeneza miaka iliyofuata zote zilikuwa na ngazi ndani, zimepimwa kwa rula, ngazi iliyonyooka kuliko yangu, na kwamba aliyeuliza sababu aliambiwa anyamaze na alete koleo. Hakunitumia salamu. Nami sikumtumia. Tulikutana mara moja sokoni Arua, tukasalimiana kama watu wazima, akaniuliza bei ya nyanya. Nilimpenda yule mzee na sikumtii, na sioni kwa nini moja lifute lingine.

Tulilifunga gurudumu mimi na Mama Kiden, yeye akishika spana na mimi nikishika ekseli, huku Afande akituangalia akiwa mlangoni. Nilipotaka kuunganisha betri alinizuia mkono.

"Betri iache hapa."

"Yote?"

"Yote. Nataka kujua nina nini."

Akajivuta kitini, akafunga kanga kiunoni, akaondoka. Nami kwa kuwa nilikuwa nimefukuzwa na barabara ya kutoka mjini ni ile ile, nilimfuata kwa mbali, mkeka begani. Alienda polepole mwanzoni, akisikiliza. Barabara ilikuwa na matuta ya matope makavu yaliyokunjwa na malori, na aliyavuka moja baada ya jingine bila gurudumu kushtuka. Vijana wa stendi ya boda walimwona kabla hajafika. Wawili walishuka kwenye pikipiki zao, mmoja akipangusa viganja kwenye suruali.

"Mama, leo tena? Ngoja, tunakuja kusaidia."

Hakugeuza kichwa. Kijana alifika nyuma yake, akanyosha mikono yote miwili kushika mgongo wa kiti, na kiti hakikuwepo. Alipiga hatua mbili ndefu, akanyosha tena, akakosa tena. "Kimbia, we, mama anakuacha," mwenzake akamwita kutoka stendi, na wote wakacheka, safari hii wakimcheka yeye. Alikimbia kidogo, kisha akasimama katikati ya barabara na mikono yake bado imenyoshwa mbele. Nilimpita nikiwa na mkeka wangu. Huko mbele, penye wauza chai, Mama Kiden alipunguza mwendo bila kusimama, akasema kitu na mama mmoja mwenye kikaango, akachukua, akaendelea. Nilipofika kwenye kona nilimwona kwa mara ya mwisho kabla barabara haijamficha: mkono mmoja ulikuwa ukizungusha mpini taratibu, na mwingine ulishika andazi.